Kiapo cha mama: Gandhi, nyama na mpwa wangu wa Subukia

Idd ya kuchinja iliyopita ilinikuta Subukia, mbali na bahari. Dadangu aliolewa na mwalimu anayefundisha huko, na sasa wana miaka kadhaa katika bonde hilo lililo kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu, pale ikweta inapopita. Ni nchi ya baridi na rutuba. Kila upande ni mahindi, kabichi na vitunguu. Nilimsindikiza mamangu mzazi kutoka Mombasa, naye alibeba kikapu cha viungo vyake mwenyewe, kwani haamini kwamba bizari ya madukani huko bara ina harufu.

Mbuzi akachinjwa, masikini wakapewa haki yao, majirani wakapelekewa fungu lao, pilau likapakuliwa. Tulipokaa kwenye sinia, mpwa wangu wa miaka 16 akaja na sahani yake pembeni, chapati na maharagwe. Akaeleza kwa adabu kwamba ameacha nyama. Mbuzi wa mwaka jana alimlisha mwenyewe kwa miezi mitatu, na tangu siku ile alipochinjwa, nyama haimpiti kooni.

Mamangu akarudisha tonge. Kwanza alidhani mtoto ni mgonjwa. Kisha akauliza kama huko shuleni amefundishwa dini nyingine. Alipojibiwa hapana, akanyamaza na machozi yakamtoka, kwa kuwa kwake yeye kukataa nyama ya Idd iliyopikwa na bibi ni kumkataa bibi. Dadangu akakasirika, akasema hicho ni kiburi cha watoto wa simu. Msichana akainuka akaenda zake jikoni. Nikageukiwa mimi, mjomba mtu, nitoe hukumu.

Sikuitoa siku ile. Lakini usiku, nikiwa nimejifunika blanketi mbili, nilimkumbuka kijana mmoja wa Kihindi aliyepata mtihani huo huo akiwa na umri kama wa mpwa wangu, na ambaye baadaye meli yake ilitia nanga Lamu. Nikamwahidi mpwa wangu kwamba nitamwandikia habari zake hapa, na bibi yake atasomewa. Ndugu msomaji, nisikilize nawe.

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 mjini Porbandar, bandari ya Kathiawar katika Gujarat. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana kuhusu upande huo. Majahazi ya kule yalikuwa yakishuka kwetu na kaskazi kabla ya meli za moshi, na familia nyingi za Kihindi za Mombasa, Lamu na Unguja, Waislamu na Mabaniani, asili yao ni huko. Babake alikuwa waziri wa mtawala wa mji. Mamake, Putlibai, alikuwa mwanamke wa ibada na saumu. Msimu wa mvua mwaka mmoja aliweka nadhiri kwamba hatakula siku yoyote mpaka alione jua. Watoto wakawa wanasimama nje kutazama mawingu, na jua likichomoza tu wanakimbia kumwita. Mara nyingine alipotoka lilikuwa limeshajificha. Basi hurudi ndani kuendelea na kazi zake bila manung'uniko. Mtoto aliyelelewa na mama wa namna hiyo alijua mapema kwamba neno likishatamkwa halirudi.

Nyumba yao haikula nyama, na Gujarat yote ilikuwa na athari kubwa ya Wajaini, watu ambao dini yao inawakataza kudhuru hata mdudu. Kwa hiyo Gandhi hakuzaliwa na shauri la kuamua kuhusu nyama. Alirithi kutokula kama sisi tulivyorithi kula.

Shauri lilimjia Rajkot, akiwa shule ya upili. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye haya, ameshaozwa akiwa na miaka 13, na alikuwa mwoga wa kutisha. Aliogopa giza, wezi, nyoka na mizimu. Alilala na taa huku mkewe Kasturba akitembea gizani bila wasiwasi. Alikuwa na rafiki, Sheikh Mehtab, kijana wa Kiislamu mwenye nguvu, hodari wa mbio na wa kuruka. Rafiki huyo akampa hoja iliyokuwa ikivuma miongoni mwa wanafunzi wa wakati ule, kwamba Mwingereza anawatawala Wahindi kwa sababu yeye anakula nyama na wao hawali. Ukitaka nguvu, ukitaka kuacha kuogopa giza, ukitaka kumtoa mkoloni, kula nyama.

Gandhi akakubali. Walikwenda mahali pa faragha kando ya mto, na hapo kwa mara ya kwanza akaona nyama kwa macho yake, ya mbuzi, pamoja na mkate wa dukani. Ilikuwa ngumu kama ngozi. Akashindwa kuimaliza, na usiku ule, kila alipopata usingizi, alihisi mbuzi aliye hai analia ndani ya tumbo lake. Hata hivyo aliendelea. Rafiki akawa anaandaa vyakula vilivyopikwa vizuri zaidi, na kwa muda wa kama mwaka mmoja walikula karamu hizo za siri zisizozidi sita hivi.

Kilichomkomesha hakikuwa ladha, wala huruma ya mbuzi. Kila siku aliyokula huko, alirudi nyumbani ameshiba na mamake akimwita kula, ikabidi aseme kwamba tumbo halimkai vizuri. Alikuwa anamdanganya mamake usoni. Hilo ndilo lililomla yeye. Akaamua kwamba hataonja nyama tena maadamu wazazi wake wako hai, na kwamba wakishaondoka duniani na yeye akawa huru, atakula hadharani. Yaani akiwa kijana aliacha nyama huku bado anaamini kwamba nyama ni jambo zuri. Aliacha uongo.

Babake akafariki mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye familia ikaona kijana aende Uingereza kusomea sheria. Mamake akaogopa. Alikuwa amesikia kwamba vijana huharibika huko, na kwamba mtu hawezi kuishi kule bila nyama na pombe. Akaitwa sheikh wao wa Kijaini, Becharji Swami, aliyekuwa mshauri wa familia, naye akamwapisha kijana mambo matatu: hatagusa pombe, hatagusa mwanamke, hatagusa nyama. Mama akaridhika, akatoa ruhusa. Tarehe 4 Septemba 1888 Gandhi akapanda meli Bombay, hajatimiza miaka 19.

Melini alishinda njaa. Hakujua kutumia kisu na uma, na aliona haya kuuliza chakula gani hakina nyama, hivyo akajifungia chumbani mwake akila matunda na vitu vitamu alivyofungiwa nyumbani. London ikawa mbaya zaidi. Asubuhi alipata uji wa oti na akashiba, lakini mchana na jioni alipewa spinachi, jamu na vipande viwili vitatu vya mkate, na aliona aibu kuomba vingine. Rafiki mmoja wa Kihindi aliyemlea huko alimkasirikia kila siku. Alimwambia kwamba kiapo kilicholiwa mbele ya mama asiyesoma, asiyejua hali ya nchi hiyo, si kiapo. Akamsomea hata vitabu vya wanafalsafa. Gandhi alikiri kwamba hoja hizo zilimshinda, na hakuwa na jibu. Alikuwa na kiapo tu.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu watu wengi hulipita jambo hili. Miezi ile ya kwanza London, kijana huyu hakuwa na sababu yoyote ya kutokula nyama isipokuwa ahadi. Moyoni aliamini kwamba Wahindi wote wangefaa kula nyama, na alitarajia siku moja atakuwa huru kuwahimiza. Wala mamake hakuwa karibu kumwona. Bombay na London ni wiki kadhaa za bahari, na barua haionyeshi kilichokuwa kwenye sahani. Alishika neno mahali ambapo hakuna wa kumuuliza.

Akawa anatembea maili 10 au 12 kwa siku akitafuta mkahawa usiopika nyama, akiingia vibandani kujaza tumbo kwa mkate mkavu. Siku moja akaupata, barabara ya Farringdon. Mlangoni palikuwa na vitabu vya kuuza, na kimoja kilikuwa cha Mwingereza Henry Salt, kinachotetea ulaji wa mboga. Akakinunua kwa shilingi moja, akaingia, na akala mlo wake wa kwanza wa kushiba tangu afike Uingereza. Kitabu kile alikisoma mwanzo hadi mwisho, na baada ya hapo, kwa mara ya kwanza, akawa haachi nyama kwa ajili ya mama peke yake. Aliacha kwa hiari yake na kwa hoja zake.

Kijana aliyeshindwa kuomba kipande cha tatu cha mkate akajiunga na Jumuiya ya Wala Mboga ya London, akaingia kwenye kamati yake, akaandika makala katika gazeti lao mwaka 1891, na akaanzisha klabu mtaani kwake Bayswater pamoja na daktari Josiah Oldfield. Kazi ya kuitisha mikutano, kuandika kumbukumbu na kukusanya michango, ambayo baadaye ilitikisa dola, alianza kujifunza kwenye kamati ya watu wa maharagwe na kabichi.

Huko pia likazuka suala la mayai. Wenzake Waingereza walikuwa na tafsiri tatu za nyama. Wengine walisema nyama ni ya wanyama na ndege tu, kwa hiyo samaki halali yao. Wengine walisema ni ya kila kiumbe chenye uhai, lakini mayai ruhusa. Wengine walikataa mayai na maziwa pia. Gandhi alianza kula mayai kwa muda mfupi, kisha akajiuliza kiapo chake kinafuata tafsiri ya nani. Jibu aliloliona ni kwamba kiapo hufuata ufahamu wa aliyeapiwa. Mamake alihesabu mayai kuwa nyama. Akayaacha. Sisi tuliofundishwa madrasa kwamba mtu hawezi kucheza na maneno ya yamini yake tunaielewa fikra hiyo bila mkalimani.

Alipata uwakili mwezi Juni 1891 na siku mbili baadaye akaondoka. Alipofika Bombay, kakake akamweleza kwamba mama alifariki alipokuwa masomoni, wakamficha ili asivunjike moyo. Kwa ile azma ya utotoni, sasa alikuwa huru kula. Hakula.

Uwakili Bombay ulimshinda. Mahakamani ulimi ulimkauka. Ndipo kampuni ya Dada Abdulla, Mmemoni wa Porbandar aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa Afrika Kusini, ikamwita kusaidia kesi. Aprili 1893 akapanda meli iliyopitia kwetu.

Baada ya siku kama 13 walifika Lamu. Nahodha, aliyekuwa amefanya naye urafiki kwa kucheza sataranji, alimwonya kwamba maji ya pale si ya kuamini, arudi mapema. Gandhi akashuka, akaenda posta, akawakuta makarani wa Kihindi wakazungumza, na akajaribu kuongea na wenyeji ili ajue maisha yao. Wakati wa kurudi, mkondo ulikuwa mkali na mashua imejaa abiria. Kila ilipofika kwenye ngazi ya meli ilisukumwa. Firimbi imeshapigwa, na nahodha akiwa juu anatazama, akaagiza meli ingoje dakika tano zaidi. Mtu mmoja akamkodia mashua nyingine kwa rupia 10. Ngazi ilikuwa imeshapandishwa, ikabidi avutwe juu kwa kamba, na meli ikang'oa nanga papo hapo. Abiria wenzake wa ile mashua ya kwanza waliachwa. Mkondo wa Lamu ungekuwa mkali zaidi kidogo, pengine tungekuwa na wakili mmoja mla mboga pale Langoni na historia ya India ingeandikwa vingine.

Wakapita Mombasa, kisha Unguja, ambako alikaa zaidi ya wiki moja akisubiri meli nyingine, akapanga chumba mjini. Huko nahodha yule yule alimwalika matembezi, na mwisho wa matembezi ukawa nyumba isiyofaa. Gandhi aliingia kwa kutojua namna ya kukataa, akasimama chumbani amepigwa na butwaa, akatoka kama alivyoingia. Alimshukuru Mungu, lakini alijilaumu kwa kukosa ushujaa wa kukataa mlangoni. Kiapo cha mamake kilikuwa na vipengele vitatu, na Unguja kilijaribiwa kwa kipengele kingine.

Mwisho wa Mei akafika Durban. Afrika Kusini ilimweka miaka 21, na watu waliomtuma, waliomlisha na kusimama naye mwanzo walikuwa wengi wao wafanyabiashara Waislamu wa Kigujarati. Alikaa majumbani mwao bila kula nyama yao, nao hawakumlazimisha.

Mwaka 1910, rafiki yake Hermann Kallenbach alimpa shamba la ekari 1,100 karibu na Johannesburg, wakaliita Shamba la Tolstoy, likawa makazi ya familia za wapigania haki waliokuwa wakifungwa. Walikaa Wahindu, Waislamu, Wakristo na Waparsi. Jiko lilikuwa moja. Gandhi aliona kwamba hana haki ya kuwanyima nyama Waislamu na Wakristo walioizoea, akawa tayari kuruhusu hata nyama ya ng'ombe. Aliwauliza, nao wakamkubalia kwamba jiko liwe la mboga. Ramadhani ilipoingia, vijana wa Kiislamu walifunga, na Gandhi akawashawishi wengine wafunge nao. Aliandika baadaye kwamba bila shaka vijana wale waliitamani nyama wakati wa futari, lakini hakuna aliyemwonyesha.

Siandiki haya kumfanya malaika. Miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini aliandika maneno ya kuwadharau Waafrika, na kwa sababu hiyo sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2018. Nyumbani kwake pia, msimamo wa chakula ulikuwa na ukali. Mwaka 1902 mwanawe wa pili, Manilal, mwenye kama miaka 10, aliugua homa ya matumbo na kichomi. Daktari akashauri mayai na supu ya kuku. Gandhi akakataa. Alimuuliza mtoto, mtoto akakubaliana na babake, na Mungu akamponya, lakini mtoto wa miaka 10 anayetetemeka kwa homa hawezi kusemwa kwamba amechagua. Nami kama mzazi, hapo siko naye. Yeye mwenyewe aliadhibiwa na neno lake baadaye. Aliacha maziwa mwaka 1912, na mwaka 1918 alipougua kuhara damu karibu afe, alikubali maziwa ya mbuzi kwa hoja kwamba alipoapa alikuwa na ng'ombe na nyati akilini. Alikiri kwamba alishika maneno na kuvunja roho ya kiapo, na jambo hilo lilimsumbua.

Lakini kuna mstari mmoja ambao hakuuvuka. Aliheshimu ng'ombe kama Mhindu yeyote, na bado katika kitabu chake cha mwaka 1909 alikataa kabisa kwamba Mhindu amuue Mwislamu ili kumwokoa ng'ombe. Tukitazama India ya leo, ambako watu wameuawa kwa tuhuma tu za nyama ya ng'ombe, tunaona thamani ya mstari huo. Tarehe 13 hadi 18 Januari 1948, akiwa na miaka 78, alifunga mjini Delhi ili Waislamu wasidhuriwe. Tarehe 30 mwezi huo aliuawa kwa risasi na Nathuram Godse, Mhindu mwenzake aliyemwona kuwa anawapendelea Waislamu. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa Jinja, pale Nile inapoanzia.

Hukumu yangu kwa familia ni hii, na masheikh wakiona kosa wanisahihishe. Nyama ni halali. Hakuna aliyelazimishwa kula kila halali, ila tumekatazwa kukiharamisha alichohalalisha Mungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwekewa nyama ya mnyama aina ya kenge wa jangwani akaiacha kwa kuwa hakuizoea kwao, na Khalid bin Walid akala mbele yake bila kukatazwa. Basi mpwa wangu, kuacha ni ruhusa yako. Usiiite haramu, usimkunjie uso anayekula, na siku ya Idd umsaidie bibi kugawa fungu la masikini, ambao wengine hawaonji nyama mpaka siku hiyo. Na kama umeacha kwa kumwonea mbuzi huruma, shika neno hata ukiwa bwenini ambako bibi hakuoni.

Na wewe mamangu, mtoto hakukukataa. Hakujificha kando ya mto. Alikuja na sahani yake mbele yako akakwambia kweli. Yule kijana wa Porbandar alichukua mwaka mzima kufika hapo. Asubuhi kwetu sisi ni mahamri na mbaazi za nazi, na hakuna aliyewahi kulia kwa kukosa nyama ndani yake.

Kabla hatujaondoka Subukia, mamangu alikuwa ameshatulia. Alimwita mjukuu wake jikoni, akamuuliza jambo moja tu. Je, samaki naye ni nyama? Kwetu pwani nyama ni nyama na samaki ni samaki. Msichana alicheka, akasema atafikiri. Likizo ya Disemba anakuja Mombasa, na bibi ameshamwagizia changu.